Kusasa Mbweha Tottenham

Bamkwe alipokuja kuishi nasi Tottenham, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuja na sanduku moja la nguo, msahafu wake, na cheo. Cheo chenyewe hakuna mtu London aliyekijua. Kwao Pemba alikuwa mkuu wa wasasi. Tangu ujana wake alitoka na wenzake, mbwa, nyavu na mikuki, kuwasasa nguruwe mwitu waliokuwa wakifukua mihogo ya watu. Mama mkwe alipofariki, mume wangu akaona hawezi kumwacha mzee peke yake, akamleta. Tukampa chumba cha nyuma, kinachotazama bustani.

Nikisema bustani msidhani ni bustani. Kilikuwa kipande cha majani cha kutandaza mashuka mawili, kimezungushiwa ua wa mbao zilizooza, na kwenye pembe pana kibanda cha kuwekea vifaa ambavyo hatukuwa navyo. Flati ilikuwa ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, sisi tukakaa ghorofa ya chini.

Asubuhi yake ya kwanza aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona mwizi.

"Mwanangu, njoo taratibu. Usikanyage kwa nguvu."

Nikaenda hadi dirishani. Juu ya paa la kibanda alilala mbweha, amejikunja, anaota kijua kile kidogo tulichopewa siku ile.

"Nini yule?"

"Mbweha, baba."

Pemba hakuna mbweha. Neno alilijua kwa kulisikia tu. Akamtazama tena kwa muda mrefu, mkia, masikio, miguu ile myeusi kama iliyovishwa soksi.

"Wa nani?"

"Si wa mtu. Wapo tu."

"Wapo tu?" Akanigeukia. "Mji huu una Malkia, una treni zinapita chini ya ardhi, halafu mnyama wa mwitu yupo tu juu ya kibanda cha mtu, na nyote mnakwenda kazini?"

Nikamwambia samahani baba, kweli nachelewa kazini. Nilikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, na basi la asubuhi halikuwa likimngoja mtu.

Mwaka ule mbweha alikuwa mmoja. Mwaka uliofuata akaja na mwenziwe, wakachimba chini ya kibanda, na majira ya kuchipua majani wakatoka watoto, wanacheza kwenye majani kama wako kwao. Bamkwe aliwatazama kutoka dirishani na kikombe cha chai mkononi. Hakuwachukia hata kidogo. Alikuwa akiwapima. Nilimwona akipima kwa macho toka kibanda mpaka ua, toka ua mpaka mlango wa jikoni, na midomo yake ikicheza.

Kisha vikaanza kupotea viatu. Sisi huvua viatu nje ya mlango wa nyuma, kama kwetu. Mbweha wa Tottenham, kwa sababu wanazozijua wenyewe, huiba viatu. Hawaibi jozi, huiba kimoja. Bamkwe alipoteza kubadhi la kushoto, mume wangu raba ya kulia, na mimi kiatu cha kazini nilichokuwa sijakivaa hata wiki. Tukamwona mtoto wa mbweha amekilalia kama mto.

Juu yetu aliishi jirani kutoka Kongo ya mashariki, shemasi wa kanisa lao, mtu wa suti na sauti nzito, ambaye alfajiri alikuwa akisafisha maofisi mjini. Tulikuwa tunasalimiana tu. Siku moja ya Jumapili akabisha hodi akiwa na suti kamili na kiatu kimoja.

"Mama," aliniambia, "ile mbwa ya pori imekamata kiatu yangu ya kanisa. Nilikuwa nimeisiliba rangi, nikaiweka kwa ngazi ikauke. Sasa naenda kuhubiri namna gani?"

Kabla sijamjibu, bamkwe akatokea nyuma yangu.

"Karibu ndani," alimwambia. "Wewe umewahi kusasa?"

Jirani hakulijua neno lile. Nikamfasiria: kuwinda.

"Kuwinda? Mzee, mimi nilizaliwa kando ya pori. Baba yangu alinifundisha mitego mbele ya kunifundisha kusoma."

Hivyo ndivyo kilivyoanza kikao cha wawindaji jikoni kwangu. Kila Jumapili mchana, jirani akitoka kanisani, alishuka, na wale wawili walikaa mezani wakijadili namna ya kupunguza mbweha. Mimi nilipika chai na mandazi. Mume wangu, akiwa nyumbani, alijifanya amelala.

Mjadala wa kwanza ulikuwa jina. Jirani alishikilia kuwa ni mbwa ya pori. Bamkwe alisema mbwa yeye anawajua, amewalea maisha yake yote, na yule si mbwa, macho yake ni ya paka. Hilo likachukua Jumapili nzima. Kisha wakaingia kwenye njia.

"Wavu," alisema bamkwe. "Unautega hapa, baina ya kibanda na ua. Watu wanapiga kelele upande ule, mbwa wanamtoa, anakuja mwenyewe. Mkuki unamalizia."

"Mzee, mimi sikatai mbwa. Lakini mbwa inapiga kelele, na ile nyama iko na akili. Itakimbia. Mutego hauna kelele. Unaweka waya pale anapitaka, unaenda kulala."

"Ukilala utajuaje umemkamata nani? Pengine umenasa paka wa mtu."

"Paka akinasa, tunamufungua."

"Na mtoto wa mtu?"

Jirani alikunywa chai. "Mutoto akinasa, mama yake atapiga kelele," alisema. "Ndiyo utajua."

Niliona bora nipige simu kaunsili. Akapokea kijana mpole sana. Nikamweleza. Akaniuliza kama mbweha wamemng'ata mtu. Nikasema la, wanaiba viatu. Akaniambia kaunsili inashughulikia panya, kunguni na mende, lakini mbweha si katika wadudu wala wanyama waharibifu, na hairuhusiwi kumtesa. Nilichoweza kufanya, alisema, ni kumfanya mbweha ajione hakaribishwi.

Nikawapelekea wale wawili jibu hilo.

"Hakaribishwi," alirudia bamkwe. "Maana yake nini? Tumkunjie uso?"

"Amesema pia liko duka la vitu vya bustani linauza dawa ya kuwafukuza. Mavi ya simba."

Jirani aliweka andazi mezani.

"Mama. Sema tena."

"Mavi ya simba. Yamekaushwa, yamefanywa vidonge. Unayamwaga bustanini, mbweha akinusa anadhani pana simba."

Wakatazamana. Nadhani siku ile, kwa mara ya kwanza, walikubaliana juu ya jambo: kwamba wamefika nchi ambayo hawataielewa mpaka wafe.

"Simba wenyewe wako wapi?" aliuliza bamkwe.

"Kwenye bustani za wanyama, nafikiri."

"Kwa hiyo yuko mtu kazi yake kumfuata simba nyuma."

"Lakini mimi nauliza kitu kimoja," alisema jirani, na akainua kidole kama anahubiri. "Ile mbwa ya pori imezaliwa hapa Tottenham. Mama yake amezaliwa hapa Tottenham. Simba imemujua wapi?"

Swali lile lilikuwa zito. Bamkwe alilifikiria wiki nzima. Jumapili iliyofuata akaja na jawabu: woga wa simba haufundishwi, mnyama huzaliwa nao, kama mtoto anavyozaliwa na njaa. Jirani akasema haamini, lakini tujaribu. Kikabaki kikwazo cha najisi, kwa kuwa bamkwe huswali chumba cha nyuma na dirisha huliacha wazi. Wakakubaliana jirani ndiye atakayemwaga, na avae glavu zake za kazini.

Vidonge vikamwagwa. Mbwa wote wa mtaa wakabweka siku mbili mfululizo. Paka wa jirani wa pili akahama, akaonekana wiki baadaye kituo cha basi. Mbweha jike akatoka chini ya kibanda, akanusa kidonge kimoja kwa utulivu kabisa, akakilalia, akagaagaa tumbo juu, akaamka akiwa ananuka simba, kisha akawaita watoto wake nao wagaagae. Bamkwe alishuhudia yote hayo kutoka dirishani.

"Sasa anajiona yeye ndiye simba," alisema.

Miaka ikasogea hivyo. Mbweha walizidi, vikao havikukoma. Na hapa sina budi kumtaja bibi wa Kiingereza wa ua wa pili, mjane aliyeishi na kijibwa kinene kilichokuwa kizee kama yeye. Sote tulijua kwa nini mbweha wamezidi, maana kila alasiri bibi yule alitoka na sahani ya kuku wa kuchemsha, aliyetolewa mifupa, akaiweka kwenye majani na kuwaita mbweha kwa majina ya kifalme. Jirani wa juu hakuweza kutazama. Alikuwa akifunga pazia.

"Kuku mzima," alikuwa akisema. "Ametoa na mifupa. Mimi nina watoto, siwatoleagi mifupa."

Jumapili moja ya mwanzo wa baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikampeleka bamkwe mjini kuona nyumba ya Malkia, jambo alilokuwa akiliomba tangu afike. Jirani akatufuata, katoka kanisani na suti yake. Kabla hatujafika, dereva wa basi akasimamisha gari na kutuambia sote tushuke, njia imefungwa. Tulipokunja kona tukaona barabara nzima imejaa watu. Sikuwahi kuona Waingereza wengi namna ile mahala pamoja wakikubaliana. Walivaa makoti mazito ya sufi na mabuti ya matope, wanapuliza firimbi na pembe, wamebeba mabango.

"Wanadai nini?" aliuliza bamkwe.

Nikasoma mabango. Nikayasoma tena ili nisije nikamwambia uongo.

"Ni watu wa mashamba, baba. Serikali inataka kuwapiga marufuku wasisase mbweha kwa mbwa. Wanadai waachwe."

Bamkwe alisimama katikati ya njia ya miguu. Watu wakawa wanampita huku na huku.

"Wasasi," alisema. "Wote hawa ni wasasi?"

"Wengi wao."

"Wamekuja London kudai mbweha, na mbweha wote wako kwetu?"

Hata sijamshika mkono, ameshaingia kwenye maandamano. Jirani akaingia nyuma yake. Nami nikawafuata, na mkoba wangu na viatu vyangu vya kisigino, nikiomba Mungu mtu wa kazini asinione. Tulitembea na watu wa mashamba ya Uingereza mpaka mahali ambapo walikuwepo watu wa kuhesabu waandamanaji. Mwanamke mmoja alitutazama sisi watatu, mzee wa kofia ya kiua na kanzu chini ya koti, shemasi wa suti, na mimi na hijabu yangu, akasita, kisha akabonyeza kidude chake na kutuhesabu. Mpaka leo tumo katika hesabu ile.

Bamkwe alimchagua mtu mmoja mnene, mwenye uso mwekundu na pembe ya shaba shingoni, akanisukuma mbele.

"Mwambie na mimi ni msasi."

Nikamwambia. Yule bwana akainama kwa heshima, akauliza anawinda nini.

"Nguruwe mwitu," nilifasiri. "Kwa miguu. Kwa mbwa na mikuki."

"Kwa miguu!" Bwana yule aliita wenzake waje kusikia. Wakatuzunguka. Wakauliza mbwa wangapi, wa aina gani, wanalishwa nini, nani anaingia wa kwanza kichakani. Bamkwe akajibu yote, akionyesha kwa mikono, na mimi katikati nikitafuta Kiingereza cha vitu ambavyo sikuwa na Kiswahili chake. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Tangu afike London watu walikuwa wakimsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama mtoto au mgonjwa. Wale walimuuliza kama mtu anayeulizwa na wenziwe.

"Na nyama yake?" aliuliza bwana wa pembe. "Tamu?"

Bamkwe alistuka. "Sisi hatuli nguruwe. Tunamzika."

"Sawasawa!" alisema yule bwana. "Nasi hatuli mbweha."

Wakapeana mikono kwa nguvu. Jirani wa juu akanivuta pembeni.

"Mama, nimesikia vizuri? Huyu anaua nyama, haili. Na mzee anaua nyama, haili?"

"Ndivyo."

"Siku nzima wanakimbia porini?"

"Ndiyo."

"Na mbwa, na farasi?"

"Mzee hana farasi."

Alitikisa kichwa. "Mimi nilifikiri niko naongea na muwindaji," alisema.

Bamkwe hakuwa amemaliza. Alimkaribisha bwana wa pembe, yeye na farasi na mbwa wake wote, waje Tottenham siku yoyote wapendayo. Bwana akacheka, kisha akaona mzee hacheki, akauliza kwa adabu bustani yetu ina ukubwa gani. Nikamwambia. Akafikiri kwa makini.

"Farasi hatageuka," alisema.

Tulirudi nyumbani bila kuiona nyumba ya Malkia. Bamkwe hakuiulizia tena.

Lakini kikao kilivunjika. Jirani hakushuka Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata. Nilipokutana naye ngazini aliniambia hana ugomvi na mzee, ila hawezi kukaa meza moja na mtu anayezika nyama. Bamkwe alisema mtu asiyejua kuwa muhogo nao ni chakula hana la kujadiliwa naye. Alikaa dirishani baridi nzima, peke yake. Chai yake ilikuwa inapoa nami nammiminia nyingine. Mwishowe nilipanda juu mwenyewe, nikamwambia jirani kwamba mzee hali vizuri. Alishuka jioni ile ile na wavu wa goli la mpira, uliochakaa, wa vijana wa kanisa.

"Mzee," alisema mlangoni, "tujaribu ya kwako kwanza. Ikishindwa, tunatega waya."

Walichagua Jumamosi moja mchana, majani yakiwa yameanza kuchipua. Wavu wakautundika baina ya kibanda na ua, palipokuwa na tundu mbweha wanapopita. Mkuki ulikuwa mpini wa mopu, ile fimbo ya kupigia deki, na niliwaapisha kuwa hautamgusa mnyama, atakamatwa tu na kupelekwa msituni nje ya mji kwa gari la mume wangu, ambaye hakuwa ameulizwa. Ikabaki mbwa. Bamkwe alikwenda kwa bibi wa Kiingereza akaomba kwa ishara akitembeze kijibwa chake. Bibi alifurahi mno.

Nikasimama mlango wa jikoni. Jirani akaanza kupiga kelele na kugonga sufuria yangu. Bamkwe akamwachia mbwa. Kijibwa kikatembea polepole hadi kwenye kibanda, kikachungulia chini, kikatikisa mkia. Mbweha jike akatoka. Wakanusana pua, kama wanaofahamiana, kisha wote wawili wakalala kwenye jua, ubavu kwa ubavu.

"Mkurupushe!" aliita bamkwe kwa Kipemba, lugha ambayo mbwa yule hakuwa ameisikia maishani.

Ndipo ubao wa ua ukasukumwa, kishindo kikasikika, na wavu ukaanguka wote. Jirani akaruka na sufuria yake. Bamkwe akainua mpini. Ndani ya wavu alikuwamo bibi wa Kiingereza, amepiga magoti, na sahani ya kuku juu ya kichwa. Alikuwa amesikia kelele, akadhani ni sherehe, akaja na kitoweo.

Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na Kiingereza chote kilikuwa kimenitoka. Bibi akautazama wavu, akaushika kwa vidole, akainua uso umejaa furaha.

"Ni wa njegere?" aliuliza.

"Anasema nini?" alininong'oneza bamkwe, mpini bado uko juu.

"Anauliza kama wavu ni wa kukinga njegere zisiliwe na njiwa."

Bamkwe alishusha mpini taratibu. "Mwambie ndiyo," alisema.

Kesho yake bibi akatuletea miche ya njegere na mbolea, akapiga magoti tena bustanini, mara hii kwa hiari, akawaonyesha wale wawili namna ya kupanda. Hawakuwa na njia ya kukataa. Bamkwe akapanda na mchicha pembeni. Jirani akapanda maharage, akisema majani yake nayo yanaliwa. Kikao kikahamia nje. Mbweha walilala katikati ya mchicha, na mjadala ukawa kama wanafaa kuachwa kwa sababu wanakula panya.

Zaidi ya mwaka baadaye, katikati ya baridi, bibi alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga. Nilikwenda kumtazama hospitali pamoja na bamkwe. Alikuwa mdogo sana kitandani. Hakuzungumzia nyonga. Alimshika bamkwe mkono akamwomba amlishie mbweha wake mpaka arudi, na mimi nikalazimika kufasiri.

Bamkwe alinitazama, akamtazama bibi. Macho ya bibi yalikuwa yamejaa machozi.

"Inshallah," alisema.

Kuanzia siku ile, kila alasiri, mkuu wa wasasi alichemsha kuku wa halali, akamtoa mifupa, akatoka naye kwenye sahani. Mwanzo aliiweka chini na kurudi haraka, anatazama huku na huku kama mwizi. Baadaye akawa anasimama. Jirani aliniuliza kama mzee ni mzima wa akili.

"Anasema anawachunguza," nilimwambia.

"Na kuku?"

"Ndiyo chambo."

Wiki zile ndizo sheria ya kukataza kusasa mbweha kwa mbwa ilipoanza kufanya kazi, na kwenye habari wakaonyesha watu wa makoti ya sufi wamesimama na farasi zao, hawajui waende wapi. Bamkwe aliniita nimfasirie. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu kama yule bwana wa pembe wamemwonyesha, nikasema sikumwona, akasema labda yuko nyumbani, ana huzuni, na ni vibaya mtu kama yule kukaa na huzuni peke yake. Kisha akaenda kuangalia sufuria.

Bibi alirudi mwisho wa baridi, kwa gari la wagonjwa, na fimbo ya miguu minne. Bamkwe na jirani walikuwa wakimngojea langoni, jirani kavaa suti. Kitu cha kwanza alichouliza ni hali ya mbweha wake.

Bamkwe hakunipa nafasi ya kufasiri. Alikuwa amejifunza neno la Kiingereza kwa ajili ya siku hiyo, na alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti.

"Fat," alisema, yaani wamenona. Kisha akanigeukia. "Na mwambie jike ana mimba. Huyo aongezewe."